Gharama zinazopunguza kodi kwa mnunuzi na mchimbaji wa sarafu za kidijitali: jibu kwa msomaji wa Kisauni

Swali: Bwana mshauri, salamu. Nimeajiriwa katika kampuni ya kusafirisha mizigo hapa bandarini na mshahara wangu hukatwa kodi kila mwezi. Tangu katikati ya mwaka 2024 nanunua na kuuza bitkoini na USDT (sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola) kwa simu, mara nyingi kwa kubadilishana na watu na kulipana kwa M-Pesa. Nina pia mashine moja ya kuchimba bitkoini, yaani kompyuta inayothibitisha miamala ya mtandao ili ilipwe bitkoini mpya, iliyo katika chumba cha nyuma nyumbani kwa mama yangu, Kisauni, na bili ya umeme ndiyo inayonimaliza. Nimeona video inayosema kwamba mtu anaweza kutoa hasara na gharama zote hizo katika kodi ya mshahara wake. Je, ni gharama zipi ninazoruhusiwa kutoa, na nianzie wapi?

Jibu: Ndugu yangu, salamu zako zimefika. Baadhi ya gharama ulizotaja unaruhusiwa kuzitoa, lakini hazitolewi katika mshahara, na kuna hali ambazo hutaruhusiwa kutoa hata shilingi moja ingawa umetumia pesa kweli na una risiti zote. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ni gharama ipi inayokubaliwa, uliza kwanza kodi inayokuhusu inahesabiwa juu ya nini. Ikihesabiwa juu ya mauzo ghafi, gharama zako hazina pa kuingia. Ikihesabiwa juu ya faida, hapo ndipo risiti zako zinapopata thamani. Watu wengi wanaonijia na swali kama lako wamekusanya karatasi kwa bidii bila kujua wako upande upi, na ndiyo maana nitaanzia hapo.

Katika kipindi ulichofanya biashara hii, sheria ilibadilika ukiwa njiani. Sheria ya Fedha ya 2023 ilileta kodi ya mali za kidijitali, iliyoanza Septemba 1, 2023, kwa kiwango cha asilimia 3 ya thamani ya mali inapohamishwa au kubadilishwa. Jukwaa au mtu anayewezesha mabadilishano ndiye aliyetakiwa kuikata na kuiwasilisha kwa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA. Kodi hiyo ilikuwa juu ya thamani nzima ya mauzo: aliyeuza kwa faida na aliyeuza kwa hasara walikatwa sawasawa, wala bei uliyonunulia, ada ya jukwaa au bili ya umeme havikuangaliwa. Kifungu hicho kilifutwa na Sheria ya Fedha ya 2025 kuanzia Julai 1, 2025. Maana yake ni kwamba mwaka wako wa mapato wa 2025 una nusu mbili zenye kanuni tofauti, nawe utenganishe miamala ya kabla na ya baada ya tarehe hiyo katika hesabu zako. Kufutwa kwa kifungu hakufuti deni lililokwisha kuwapo. Kama kuna jukwaa lililokukata kabla ya Julai 2025, tafuta na uhifadhi ushahidi wa makato hayo, na kama hukukatwa kabisa, usijifanye kwamba kipindi kile hakikuwapo. Keti na mhasibu mkipitie kabla KRA haijakiuliza.

Baada ya kufutwa kwa kodi ile, mitaani umeenea usemi kwamba sarafu za kidijitali sasa hazina kodi. Hilo si kweli, na linanitia wasiwasi kwa sababu linasemwa na watu wanaofanya mauzo ya mamilioni kwa mwaka. Kilichoondolewa ni ile asilimia 3 peke yake. Kifungu cha 3 cha Sheria ya Kodi ya Mapato, kinachotoza kodi faida ya biashara yoyote ile, kipo pale pale. Mahali pa kodi ya zamani pamewekwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, unaotozwa juu ya ada ambazo watoa huduma za mali pepe, yaani sarafu za kidijitali na mfano wake, huwatoza wateja wao. Ukikatwa ada ya shilingi 100, ushuru wake ni shilingi 10, na thamani ya sarafu yenyewe haiguswi. Tena mwaka huo huo wa 2025 imetungwa Sheria ya Watoa Huduma za Mali Pepe, inayowaweka watoa huduma hao chini ya usimamizi wa Benki Kuu ya Kenya na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Zile siku ambazo biashara hii ilifanyika pasipo jicho la mtu zimekwisha.

Sasa tuje kwako: je, wewe ni mfanyabiashara au ni mwekezaji? Mtu anayenunua maembe Kongowea alfajiri ili ayauze kabla ya jioni anafanya biashara, na faida yake ni mapato ya biashara. Aliyenunua shamba la minazi akaliacha miaka kumi kisha akaliuza ana hesabu nyingine kabisa, ya faida ya mtaji, ambayo kiwango chake nchini tangu Januari 1, 2023 ni asilimia 15. Kwa maelezo yako, unanunua na kuuza mara nyingi, kwa nia ya kupata tofauti ya bei, na tena unachimba. Kwa maoni yangu wewe ni mfanyabiashara, na ni vigumu kumshawishi afisa wa ushuru vinginevyo. Hilo si jambo la kuliogopa, kwa maana mfanyabiashara ana nafasi pana zaidi ya kutoa gharama. Kwenye hesabu ya faida ya mtaji zinazotolewa ni bei ya ununuzi na gharama zilizoambatana na kununua na kuuza. Umeme, intaneti na matengenezo ya kila siku havimo. Kama una bitkoini ulizozinunua ukaziweka kando bila kuzigusa, ziweke katika mkoba wake peke yake na daftari lake peke yake, zisichanganyike na zile za biashara. Na kwa kuwa Sheria ya Kodi ya Mapato haikuzipangia sarafu hizi kanuni zake za pekee, mwenye kiasi kikubwa anaweza kumwandikia Kamishna wa KRA kuomba uamuzi wa kibinafsi chini ya Sheria ya Taratibu za Kodi. Uamuzi huo unamfunga Kamishna ikiwa ulimweleza mambo yote bila kuficha.

Ukishakubali kwamba ni biashara, kuna mlango mmoja zaidi wa kupita, nao ndio unaowaumiza watu wengi. Mkaazi wa Kenya ambaye mauzo ya biashara yake kwa mwaka yamezidi shilingi milioni 1 lakini hayazidi milioni 25 huangukia kodi ya mauzo, ile inayojulikana kama TOT, ambayo tangu Julai 1, 2023 ni asilimia 3 ya mauzo ghafi. Hulipwa kila mwezi, kabla ya kupita tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na haina nafasi ya kutoa gharama yoyote. Kwa muuza viatu mwenye faida nene, kodi hiyo ni nafuu na haina usumbufu. Kwa anayezungusha USDT, ambaye faida yake katika kila muamala ni ndogo mno, inaweza kumla faida yote.

Chukua mfano huu niliouunda mwenyewe. Mtu ameuza sarafu za shilingi 4,200,000 kwa mwaka mzima, na zilimgharimu 3,950,000 kuzinunua. Ada za majukwaa, za M-Pesa na za intaneti zimefika 40,000. Faida yake halisi ni 210,000. Akiwa chini ya kodi ya mauzo atalipa asilimia 3 ya milioni 4.2, yaani shilingi 126,000, zaidi ya nusu ya alichopata. Akiwa chini ya kodi ya kawaida ya mapato, na mshahara wake ukiwa umeshamfikisha kwenye ngazi ya asilimia 30, kama ilivyo kwa mwajiriwa anayepata zaidi ya shilingi 32,333 kwa mwezi, atalipa 63,000. Biashara ni ile ile na risiti ni zile zile. Kilichotofautiana ni mlango aliopitia. Sheria yenyewe inamruhusu mtu kuchagua: unamwandikia Kamishna notisi kwamba hutaki kuwa chini ya kodi ya mauzo, na kuanzia hapo unahesabiwa kwa faida. Kwa hali yako naona notisi hiyo ina uzito kuliko gharama yoyote utakayoitafuta, na ningekushauri uiandike kabla ya kufanya jambo jingine lolote, kisha utunze nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

Ukiwa sasa kwenye kodi ya faida, kanuni inayotawala ni ya kifungu cha 15 cha Sheria ya Kodi ya Mapato: gharama inakubaliwa ikiwa imetumika yote na kwa ajili tu ya kuzalisha mapato yale. Kifungu cha 16 kinakataa matumizi ya nyumbani na ya kibinafsi, na kinakataa pia matumizi ya mtaji, isipokuwa pale ambapo sheria imetoa njia nyingine ya kuyarudisha. Kwa upande wa ununuzi na uuzaji, gharama kubwa ni bei uliyonunulia sarafu ulizouza. Hesabu kwa utaratibu mmoja mwaka hadi mwaka, mfano zile zilizotangulia kununuliwa ndizo zilizotangulia kuuzwa, na usibadilishe utaratibu kwa kutazama upi unakupa kodi ndogo mwaka huu. Kisha zinafuata ada za jukwaa pamoja na ushuru wa bidhaa uliomo ndani yake, ada za kuhamisha sarafu katika mtandao wake, ada za M-Pesa, malipo ya mhasibu, na sehemu ya intaneti inayotumika kwa kazi hiyo. Nasema sehemu, kwa sababu bando unayotazamia mpira jioni si gharama ya biashara, na afisa akiona umeandika bando nzima ataanza kuyatilia shaka na mengine yaliyo halali.

Uchimbaji una mambo mengi zaidi. Njia iliyo salama ni kuzihesabu bitkoini unazopata kuwa mapato siku unapozipokea, kwa thamani yake ya shilingi siku ile, na thamani hiyo hiyo ndiyo inayokuwa bei yako ya ununuzi utakapoziuza baadaye. Dhidi ya mapato hayo unatoa umeme, ada ya kundi la wachimbaji ulilojiunga nalo, matengenezo, na mshahara wa mtu unayemlipa kuiangalia mashine kama yupo.

Umeme ndio moyo wa jambo hili, na hapa pana kasoro katika hali yako. Mita iko katika jina la mama, na sheria inataka gharama iwe imekufika wewe. Kumpa mama pesa taslimu za tokeni hakutoshi kuwa ushahidi. Weka mita ndogo ya pembeni kwa ajili ya mashine peke yake, na pia kwa feni au kiyoyozi cha chumba kile, maana kwa joto letu la pwani mashine haiwezi kukaa bila kupozwa na umeme wa kuipoza ni gharama halali kama ule wa mashine yenyewe. Soma mita hiyo kila mwisho wa mwezi na uandike, mlipe mama kwa M-Pesa kiasi kinacholingana na yuniti zilizosomwa, na uwe na makubaliano ya maandishi yanayosema unarudisha gharama ya umeme. Usichanganye malipo hayo na pango la chumba, kwa sababu pango ni mapato kwa mama na lina kodi yake. Hakuna haja ya kumwingiza mzazi katika hesabu zisizo zake. Bora zaidi, kama inawezekana, ni kuomba Kenya Power mita tofauti kwa jina lako na PIN yako ya KRA.

Nakuomba pia ufanye hesabu ya umeme wenyewe kabla ya kuifikiria kodi. Mashine kama Antminer S19 ya kawaida hula karibu wati 3,250, sawa na yuniti 78 kwa siku na 2,340 kwa mwezi wa siku 30. Tuseme yuniti moja, pamoja na kodi na tozo zote za bili, inakufikia kwa shilingi 28: utalipa shilingi 65,520 kwa mwezi. Bili hiyo haikushuka Aprili 2024, wakati malipo ya wachimbaji kwa kila bloku (fungu la miamala) yalipopungua kutoka bitkoini 6.25 hadi 3.125. Gharama inayokubaliwa kikodi haikurudishii pesa zako zote. Kwa aliye kwenye ngazi ya asilimia 30, kila shilingi 100 anayotoa inamwokolea kodi ya shilingi 30, na 70 zimekwenda. Kama mashine haiwezi kulipa umeme wake, hakuna kifungu cha sheria kitakachoiokoa, na ushauri wangu ungekuwa kuizima. Si bure kwamba kampuni kama Gridless imefunga mashine zake karibu na mitambo midogo ya umeme wa maji mashambani, badala ya kutegemea bili ya mtumiaji wa nyumbani.

Bei ya mashine yenyewe haitolewi yote mwaka wa kununua, kwa kuwa ni mtaji. Hurudi kupitia posho za uwekezaji za Jedwali la Pili la Sheria ya Kodi ya Mapato, ambapo kompyuta na vifaa vyake hupewa asilimia 25 kwa mwaka kwa mafungu yaliyo sawa. Mashine ya shilingi 200,000 inatolewa 50,000 kila mwaka kwa miaka 4. Ikiwa uliiagiza kutoka ng'ambo, hati za forodha za hapa Kilindini ndizo ushahidi wako wa bei na wa gharama za kuiingiza. Ikiwa uliinunua kwa mtu mkononi bila karatasi, utakuwa na kazi ngumu ya kuonyesha ilikugharimu kiasi gani. Kubadilisha feni iliyoliwa na chumvi ya hewa ni matengenezo, na hutolewa yote mwaka huo. Kununua mashine ya pili ni mtaji mpya.

Na hasara? Video uliyoiona huenda ilitengenezwa Marekani, ambako mtu aliyepata hasara ya mtaji kuliko faida yake anaruhusiwa kutoa hadi dola 3,000 kwa mwaka dhidi ya mapato mengine, mshahara ukiwamo. Ni sheria ya kwao. Huku kwetu mapato yamegawanywa kwa vyanzo, na hasara ya chanzo kimoja haivuki kwenda kupunguza kingine, hivyo hasara ya biashara yako haiwezi kugusa kodi ya mshahara unaokatwa na mwajiri. Unachoweza ni kuijumlisha hasara ya uchimbaji na faida ya kuuza na kununua, maana zote mbili ni biashara, na kinachobaki kukipeleka mbele kupunguza faida ya biashara ya miaka ijayo. Sheria ya Fedha ya 2025 imeweka mwisho wa kubeba hasara hiyo kuwa miaka 5, kwa hiyo ioneshe katika ritani ya mwaka ule ule ilipotokea, hata kama huna kodi ya kulipa. Mwenye kukaa kimya miaka mitatu kisha akakumbuka hasara zake hana pa kuzianzia. Tena hasara ni ile ya kuuza. Bei ikianguka nawe bado umeshika sarafu zako, hujapata hasara mbele ya sheria.

Aliyeibiwa au kutapeliwa sarafu za biashara apige ripoti polisi siku hiyo na achukue nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), pamoja na rekodi ya muamala wenyewe. Kwa mfanyabiashara kuna hoja ya kujengwa juu ya ushahidi huo. Kwa mwekezaji ni upotevu wa mtaji, nami sitakutia tamaa.

Tangu Januari 1, 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, inaweza kukataliwa hata kama ni ya kweli. Fundi wa mashine, duka la nyaya na mhasibu wako wakupe ankara hiyo yenye PIN yako. Ikiwa fundi ni mdogo, mauzo yake hayazidi shilingi milioni 5 kwa mwaka, sheria sasa inakuruhusu wewe mnunuzi kuitoa ankara kwa niaba yake akikubali. Bidhaa zilizoagizwa kutoka nje, posho za uwekezaji, na huduma za mtu asiye mkaazi na asiye na ofisi nchini zimeondolewa katika sharti hilo, na hiyo ya mwisho ndiyo inayokufaa kwa ada za majukwaa ya ng'ambo. Lakini kuondolewa katika eTIMS si kuondolewa katika kuthibitisha. Pakua taarifa za miamala kutoka kila jukwaa kila mwisho wa mwezi, kwa maana majukwaa hufungwa na akaunti hupotea, na chapisha taarifa ya M-Pesa ya miezi hiyo hiyo. Kwa miamala ya kubadilishana na watu, andika tarehe, kiasi cha sarafu, bei kwa shilingi na nambari ya muamala wa M-Pesa, ili kila shilingi iliyoingia katika simu yako iwe na maelezo. Bila hayo, afisa anayeona milioni 4 zimepita katika laini yako anaweza kuzihesabu zote kuwa mapato. Rekodi hizo zitunzwe miaka 5.

Ritani ya kila mwaka hujazwa katika iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, kabla ya kupita Juni 30 ya mwaka unaofuata, na mtu binafsi anayechelewa hutozwa shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi inayodaiwa, iliyo kubwa kati ya hizo. Wewe usijaze ile fupi ya mshahara pekee kama ulivyozoea. Jaza ya mtu binafsi yenye sehemu ya biashara, ambamo utaweka mshahara kutoka fomu ya P9 unayopewa na mwajiri upande mmoja na biashara hii upande mwingine. Nafuu ya kibinafsi ya shilingi 28,800 kwa mwaka inatolewa mara moja tu, nayo mwajiri wako amekwisha kukupa, kwa hiyo usiihesabu tena kwenye biashara. Na kama kodi ya biashara kwa mwaka itazidi shilingi 40,000, jiandae kulipa kwa awamu mwezi wa Aprili, Juni, Septemba na Desemba, kila mara kabla ya tarehe 20 kupita. Ukikwama katika kujaza, Huduma Centre hapa Mombasa wana dawati la KRA. Nenda na taarifa zako za miamala zikiwa zimepangwa kwa miezi, na zile za kabla ya Julai 2025 ziwe katika faili lake.